Mikaratusi, mjohoro au mkababu: upi utaiachia rutuba ardhi ya Kongwa?

Mkulima_Chanika
Wakuu, habari za jioni. Naishi Chanika hapa Dar, shamba liko Kongwa upande wa Kibaigwa. Kipande kimoja kimechoka, mahindi yanatoka ya njano kila msimu. Nikiona mirunda inavyogombewa kwenye ujenzi hapa mjini, navutiwa na mikaratusi. Jirani ananishauri mjohoro, mwingine kataja mkababu. Ila baadaye nataka kulima tena palepale. Upi ni bora?

MzeeWaMirunda
Mikaratusi, kijana wangu. Ukikata, kisiki kinachipua, unavuna tena bila kupanda upya. Hiyo mingine haitakupa hela mapema hivyo.

BintiMisitu
Shikamoo mzee. Kwa hela sikupingi, ila kaka kauliza habari ya ardhi. Mti unaokua haraka unavuta sana potasiamu, fosforasi na kalsiamu. Lori la mirunda likija Dar, limebeba na rutuba ya Kongwa. Kalsiamu nyingi imo kwenye magome, kwa hiyo menyeni hukohuko shambani, magome yabaki. Majani yake nayo yana naitrojeni kidogo na huoza polepole. Kongwa mvua ni ya msimu mmoja, Desemba hadi Aprili. Miezi mingine majani yanalala makavu tu, na moto ukipita hakuna mboji tena. Hapo sijagusa maji ambayo mizizi itayanyang'anya mahindi ya jirani.

Mjohoro unawachanganya wengi kwa sababu ni jamii ya mikunde. Hauna vile vinundu vya mizizi vyenye bakteria wanaonasa naitrojeni ya hewani. Kwa kuni na kivuli ni mzuri, kwa mbolea usiutegemee.

Mkababu (Faidherbia albida) ndio ninaoupenda kwa ardhi kavu. Unapukutisha majani mvua zikianza na kuchipua kiangazi. Mahindi yanapata jua, na majani yake yenye naitrojeni yanaoza wakati udongo una unyevu. Tatizo ni subira: nguvu yake udongoni huonekana mti ukishakuwa mkubwa, na hapo miaka kumi imeshapita.

Ngosha_wa_Kahama
Mkuu, kabla hujanunua mche hata mmoja, kagua visiki vilivyomo shambani. Kwetu Shinyanga, mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza 1986 ulifufua ngitili, yaani malisho yanayofungwa mifugo isiingie kwa msimu. Sehemu kubwa ilirudi yenyewe kutoka kwenye visiki na mbegu zilizokuwa ardhini, zaidi ya hekta 300,000. Dodoma wanaita kisiki hai: unachagua machipukizi machache yenye afya, mengine unapunguza, na matawi unayatandaza juu ya udongo. Miti hiyo imeshazoea ukame wa hapo.

MzeeWaMirunda
Marahaba binti. La magome nalichukua. Lakini mtu ana ada za watoto, hawezi kungoja mkababu ukue.

BintiMisitu
Ni kweli mzee, na ndiyo maana sisemi mikaratusi isipandwe. Iwekwe kona ambayo hatalima kamwe, mbali na mahindi na kisima. Kwenye kile kipande kilichochoka apande miti ya gliricidia katikati ya mistari ya mahindi: unakata matawi kabla ya mvua, majani unafukia, vijiti vinakuwa kuni. Huo unanasa naitrojeni na hautaki miaka kumi. Ila kaka, hakuna mti unaotengeneza fosforasi. Samadi bado utaihitaji.

Mkulima_Chanika
Asanteni sana. Basi visiki kwanza, gliricidia kwenye kipande kilichochoka, na mkababu mmoja mmoja shamba zima. Mbegu zake zinaoteshwaje?

Ngosha_wa_Kahama
Gamba lake ni gumu. Chemsha maji, epua, mwagia mbegu, ziache humo mpaka kesho yake. Tumia viriba virefu kwa sababu mzizi mkuu unashuka haraka, na uhamishie shambani mvua zinapoanza. Miaka ya mwanzo zungushia miiba, mbuzi wa Kongwa hawatakuachia.