Tupeane uzoefu: somo la falsafa ya sayansi na mbinu za utafiti, mwaka wa kwanza

Binti Langoni
Assalamu alaykum. Mdogo wangu ameanza chuo, anasomea historia na fasihi, na jana usiku alinipigia simu akilalamika kwamba wanalazimishwa kumsoma Popper, mwanafalsafa wa sayansi, kabla hawajafungua hata diwani moja. Nimekumbuka mengi. Waliolipitia somo hili kutoka Lamu na Malindi, ni lipi lililowaelemea?

Kijana wa Ngomeni
Kwangu ni Kuhn, mwanahistoria wa sayansi. Kitabu chake cha mwaka 1962 kinaeleza kwamba wanasayansi hufanya kazi ndani ya mkabala mmoja wanaokubaliana, anaouita paradimu, hadi mambo yasiyoelezeka yanaporundikana na mkabala wenyewe ukapinduliwa. Jambo lenyewe halina ugumu. Kilichonichosha ni wenzangu walioandika "paradimu" katika kila aya.

Mpwa wa Siyu
Dada, umenigusa penye kidonda. Tulitakiwa kukusanya masimulizi ya nyumbani wakati wa likizo, kisha tuyahakiki. Wote mnaifahamu habari ya Siyu, kwamba wako wenyeji wenye asili ya mabaharia wa Kichina ambao chombo chao kilivunjika karibu na Pate. Nilimwendea ami yangu, naye kabla ya kunisimulia lolote aliniamuru niandike kwamba alisikia kwa baba yake, na baba yake kwa nyanya yake, na kwamba juu ya nyanya huyo hajui alisikia kwa nani. Ukurasa huo niliuweka mwanzoni. Kisha nikaongeza kwamba Wachina waliandika juu ya twiga aliyetoka Malindi mwaka 1415, na kwamba sarafu ya enzi ya Yongle, mfalme wa China, iliyopatikana kisiwani Manda ilitangazwa mwaka 2013.

Siku ya kuwasilisha, mhadhiri aliniuliza ni kitu gani, kikipatikana kesho, kitakachonifanya niikane habari ile. Swali lilikuwa la haki, na nilikuwa bado nalifikiria pale mwanafunzi mmoja alipoangua kicheko na kusema kwamba watu wa pwani wana hadithi, hawana historia. Msichana wa Faza aliyeketi nyuma yangu alisimama, akapiga meza, akamuuliza kama babu wa babu yake amemjua kwa cheti cha kuzaliwa au kwa kusimuliwa. Wakajibizana hadi kipindi kikavunjika. Kazi yangu ilirudi ikiwa na mstari mwekundu juu ya ukurasa wa ami, pembeni pameandikwa "si lazima." Muhula uliofuata mhadhiri yuleyule alitusomesha Jan Vansina, mwanahistoria wa Afrika, ambaye tangu mwaka 1961 alisisitiza kwamba jadi simulizi haipimwi bila kujua imepita mikononi mwa nani.

Bi Shela
Subhanallah! Ni kweli tupu.

Mwana wa Mkomani
Ami yako alikuwa akitaja sanad, yaani mnyororo wa wasimulizi, na kila aliyekaa darasa la hadithi za Mtume hapa Amu (Lamu) anajua kwamba msimulizi hupimwa kwanza. Hao kina Popper hawakutuletea jipya.

Kijana wa Ngomeni
Hapana, ndugu yangu, unachanganya mambo mawili. Sanad humpima msimulizi: je, ni mwaminifu, na je, alikutana kweli na yule anayemnukuu? Popper, tangu kitabu chake cha mwaka 1934, haulizi dai limetoka kwa nani. Anataka dai lenyewe liseme mapema litakanushwa na nini. Hata ile sarafu inathibitisha tu kwamba sarafu ilifika Manda, na sarafu hufika popote biashara inapofika.

Mwana wa Mkomani
Na matini, maneno yenyewe yanayosimuliwa, je? Wanazuoni huichunguza pia, hata kama wasimulizi wote ni waaminifu. Soma kwanza, kisha ubishane.

Mwongozaji wa Gede
Mkimaliza kugombana, mje huku. Mwanaakiolojia Kirkman alianza kuchimba magofu ya mji wa Gede mwaka 1948, na mpaka leo wageni wakiniuliza kwa nini mji ulihamwa nawatajia kupungua kwa maji visimani na uvamizi kutoka kaskazini, kwa kuwa magofu yaleyale yanazibeba sababu zote mbili. Mdogo wako akilielewa hilo, nusu ya mtihani ameimaliza.

Bi Shela
Aanze na mwanafalsafa Dilthey, aliyetenga kueleza maumbile na kumwelewa binadamu. Popper amwache hadi mwisho.

Kijana wa Ngomeni
Amwanze Popper, Dilthey atamlaza usingizi.

Mwongozaji wa Gede
Ahamie uhasibu.

Mpwa wa Siyu
Asihame. Likizo ikifika akusanye habari za vita vya Shela, awasikilize wa Amu na wa Pate kila upande peke yake, na orodha ya wasimulizi aitawanye ndani ya kila aya, ili atakayetaka kuikata alazimike kuikata kazi nzima.