Naombeni ushauri, nimealikwa kwa Wahopi (kabila la wenyeji wa asili wa Marekani), nipeleke zawadi gani?
Habari zenu wakuu, niko Phoenix, Arizona, jamaa wa kazini ni Mhopi kanialika kwao Second Mesa mwezi wa 7 kwenye ngoma ya Niman, ile ya kuwaaga katsina, roho zinazowaletea mvua, wakirudi milima ya San Francisco. Picha, kurekodi hata kuchora marufuku, pombe pia, simu ntaiacha kwenye gari. Kinachonisumbua ni zawadi. Kwao nyumba ni ya mama na watoto ni wa ukoo wa mama, kwa hiyo nadhani namkabidhi mama yake, ila nini? Mahindi wanayo, tena wanalima jangwani bila kumwagilia, nawaheshimu sana kwa hilo. Nimewaza kahawa, sukari na matunda. Na wife avae kitenge au gauni refu la kawaida? Aliyewahi kufika anisaidie.