Naomba ushauri: naandika historia ya kambi yetu ya skauti

Wakuu, salaam. Nimekabidhiwa kazi ya kuandika historia ya kambi ya skauti ya kila kiangazi, ile iliyonilea. Nina sanduku la picha zisizo na majina, nyingine zimeliwa na mchwa pembeni, na daftari moja la mahudhurio lililoandikwa kwa penseli. Wazee wa mwanzo wanazidi kupungua, ndiyo maana nina haraka.

Kambi ya Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907, ilikuwa na wavulana wapatao 20 tu, lakini hadi leo tunajua waliamshwa kwa pembe ya tandala. Natamani na sisi tuhifadhi mambo madogo kama hayo.

Nianze kuwarekodi wazee, au nipange picha kwanza? Na wakitofautiana kuhusu miaka, nishike ya nani?