Tangu lini vumbi la Lubumbashi likawa na rangi ya maziwa? Viti vyangu vya ngozi vimesuguliwa kwa sabuni ya unga

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nimekaa siku tatu bila kuandika neno lolote, kwa sababu nilijua kwamba kama ningeandika jioni ile ile ningetumia maneno yasiyomfaa mtu mzima. Sasa hasira imepungua kidogo, ingawa haijaisha, na ninaomba mnisikilize hadi mwisho.

Jumamosi iliyopita nilirudi kutoka Kipushi. Ni mwendo wa kilomita kama 30 tu, lakini nyote mnajua jinsi vumbi la mwezi wa nane linavyoingia ndani ya gari hata ukifunga vioo vyote, nami nilipofika mjini viti vyangu vya ngozi, ambavyo rangi yake ni ya maziwa, vilikuwa vimekuwa vyekundu kama matofali, hasa kwenye mishono na katika vile vitundu vidogo vya kupitishia hewa. Nikapita mahali pa kuoshea magari ambapo sitapataja. Nikamwambia kijana waziwazi kwamba viti ni vya ngozi na asimwage maji ndani. Akanijibu, "Hakuna shida, papa, tunavijua." Nikaenda kumsalimia mgonjwa, nikakaa huko kama saa moja na nusu.

Niliporudi nilikuta milango minne imeachwa wazi, povu limejaa sakafuni, na kijana yule yule amepiga goti juu ya kiti cha dereva, anakisugua kwa brashi ngumu ya plastiki ambayo dakika chache kabla ya hapo ilikuwa kwenye matairi. Najua, kwa sababu nywele za brashi hiyo zilikuwa bado nyeusi. Pembeni yake palikuwa na ndoo ya sabuni ya unga, ile ya kufulia nguo. Mkono wake wa pili ulishika kitambaa cha buluu, na juu ya kitambaa kile niliona madoa meupe yenye unjano kidogo, mazito, kama maziwa yaliyoganda. Nikamwuliza mwenye mahali: hiki ni nini? Akanijibu bila kupepesa macho: "Papa, huo ni uchafu unaotoka."

Uchafu! Vumbi letu ni jekundu, mtoto wa miaka minne analijua. Kilichokuwa kwenye kitambaa kile kilikuwa rangi ya kiti changu.

Naomba nieleze jambo hili taratibu, kwa sababu naona watu wengi hawalielewi, nami mwenyewe nililijifunza baada ya kununua gari hili. Ngozi ya viti vya magari mengi ya siku hizi haikuachwa wazi kama ngozi ya ng'ombe iliyoanikwa juani. Kiwandani hupakwa rangi, kisha juu ya rangi huwekwa tabaka jembamba la kinga, na tabaka hilo ndilo tunaloligusa na kulisafisha. Ngozi yenyewe ina uchachu kidogo, pH yake (kipimo cha uchachu, ambacho hushuka uchachu ukizidi) ni karibu 4 hadi 5, ilhali sabuni ya unga ikishachanganywa na maji hufika karibu 10, kwa hiyo ukiirudia kila juma unakula ile kinga polepole hadi unafika kwenye rangi, na ukipita hapo unakuta ngozi tupu, ambayo hukauka, hukakamaa na kupasuka. Javeli, ile dawa ya kung'arishia nguo nyeupe, ni mbaya zaidi. Esansi, yaani petroli, ambayo nimeona watu wakiitumia kutolea wino na madoa ya nguo za jinzi, huondoa doa pamoja na rangi yote iliyo chini yake.

Halafu kuna suala la vumbi. Vumbi letu lina chembe ngumu za mchanga. Ukilimwagia maji kabla ya kulifyonza unapata tope, na ukisugua tope hilo kwa brashi ngumu umeshakuwa fundi seremala mwenye msasa. Nilipouliza kwa nini hawakutumia mashine ya kufyonza vumbi, nilijibiwa kwamba umeme ulikatika tangu asubuhi. Sawa, umeme wetu naujua, sitabishana. Lakini kama umeme haupo, si ungeniambia nirudi siku nyingine? Au ungechukua brashi laini iliyo kavu na kulitoa vumbi kwenye mishono polepole, kazi ya dakika ishirini? Maji yaliyopenya kwenye vile vitundu yameingia hadi kwenye sponji ya kiti, na chini ya kiti kuna nyaya. Leo ni siku ya nne na harufu ya unyevunyevu bado ipo.

Msidhani mambo yaliishia hapo. Ili kuficha uharibifu, walipaka mafuta ya kung'arisha kila mahali: viti, dashibodi, milango, hata usukani. Mafuta hayo hayaingii ndani ya ngozi yenye kinga. Yanabaki juu yanateleza na yanadaka vumbi jipya, hata kesho yake asubuhi viti vilikuwa vichafu kuliko nilivyovipeleka. Dashibodi ilikuwa inang'aa hadi mwanga wake unarudi kwenye kioo cha mbele na kunipiga machoni. Na nilipokata kona kwenye mzunguko wa kwanza, usukani uliteleza viganjani mwangu, nikanusurika kumgonga mtu wa pikipiki aliyebeba mama na mtoto. Kwa hili sina mzaha hata kidogo.

Hata hivyo, nikisema kosa lote ni la vijana nitakuwa mwongo. Sisi wenye magari ndio tunaofika, tunatazama ndani, na kama hakung'ai tunasema kazi haijafanyika. Mimi pia nimewahi kumwongezea kijana faranga kwa sababu ya mng'ao. Ngozi safi haing'ai. Imetulia, na ukiipitisha kidole haitelezi wala hainati. Anayeitaka hivyo huanza kwa kufyonza vumbi, kisha huchukua kitambaa laini kilichokamuliwa vizuri na sabuni laini isiyo kali, au dawa maalumu ya ngozi, baada ya kuijaribu chini ya kiti ambako hakuonekani. Povu linawekwa kwenye kitambaa au kwenye brashi ya manyoya, si kwenye kiti, kisha panafutwa papo hapo kwa kitambaa kingine kikavu. Ni kazi ya polepole. Kama bei yake ni mara mbili ya kuosha nje, nitailipa bila kunung'unika.

Mwenye mahali pale amenirudishia pesa ya kuoshea tu, akasema ngozi yangu "ilikuwa imezeeka". Ni kweli kwamba ukingo wa kiti cha dereva, upande ninaoshukia, ulikuwa umeanza kuchakaa. Suruali huusugua kila siku. Lakini doa la ukubwa wa sahani lililo katikati ya kiti cha abiria, mahali ambapo mke wangu hukaa mara mbili kwa juma, halikuletwa na uzee.

Fundi wa viti ameahidi kulipaka rangi upya baada ya sponji kukauka. Kwa sasa naendesha nikiwa nimetandika kitenge. Anayejua mahali hapa mjini ambapo brashi ya ndani haichanganywi na ya matairi, aandike hapa chini. Lakini tafadhali, msinitajie mahali kwa sababu tu gari lenu lilitoka huko liking'aa.