Wanachuo kutatua matatizo ya usafirishaji ya kampuni kwa asainmenti ya grupu: elimu au kazi ya bure?

Mwaka_wa_Tatu: Wakuu habari za jioni. Nasoma lojistiki, chuo na kampuni sivitaji. Semesta iliyopita grupu letu tulipewa tatizo la kampuni inayosambaza vinywaji Dar, depo iko Tabata, wanataka mzigo ufike Kariakoo, Magomeni hadi Mbagala kwa magari machache. Nauli tumetoa wenyewe, dispatcha, yule anayepangia magari safari, alikuwa na daftari tu tukakesha kuliingiza kwenye kompyuta, tumewapa mpango na sasa hivi wanautumia. Tumeambulia B plasi na barua ya shukrani. Mimi nasema kampuni ikitumia kazi ya wanafunzi ilipe, hata nauli basi. Miaka yote ruti waliwaachia madereva wa la saba ndo maana mafuta yalikuwa yanakwisha hovyo. Mnaonaje?

Semi_la_Tunduma: Dogo rudi hapo kwenye madereva wa la saba. Mimi ni la saba, nimepeleka semi Lubumbashi kupitia Tunduma na Kasumbalesa wewe ukiwa bado unabebwa mgongoni. Hiyo kompyuta yenu inajua masika Msimbazi ukijaa Jangwani inafungwa? Inajua Kariakoo ukichelewa asubuhi wamachinga wakishapanga bidhaa hupati hata pa kugeuzia? Mnakuja na begi na laptopu mnakula muda wetu kwa maswali halafu mnaenda kuandika sisi ndo tatizo.

Mwaka_wa_Tatu: Kaka sijatukana mtu, nimesema jinsi tulivyokuta. Na Jangwani tuliiweka.

Semi_la_Tunduma: Mliiweka baada ya kuambiwa na nani? Na dereva. Jina lake lipo kwenye hiyo ripoti?

Msimamizi_Depo: Hapo kwenye jina kaka kasema kweli. Mimi nasimamia depo, sio hiyo ya Tabata. Walikuja vijana kwetu, wenye adabu na bidii, wakapanga lori la mikoani: mzigo wa Morogoro mlangoni kwa sababu unashuka kwanza, wa Mbeya mbele kabisa nyuma ya kabini. Kwenye karatasi safi kabisa. Mzani wa Vigwaza likapita. Limeshusha Morogoro, mzani uliofuata likakamatwa, ekseli ya mbele, yaani mhimili wa matairi ya mbele, imezidi uzito. Gari zima limepungua uzito lakini ekseli ya mbele imepanda, kwa sababu ule mzigo wa mkiani ndo ulikuwa unainyanyua pua. Tandiboi wangu alishasema asubuhi hii itatusumbua na hakuna aliyemsikiliza. Faini ililipwa na kampuni, sio chuo. Kwa hiyo mnaposema walipwe, nauli sawa, mimi nawapa hata chakula, lakini hasara ikitokea tunagawana?

Chalinze_Junction: Mama mbona unachanganya watu, sheria inasema tani 56, chini ya hapo wanakukamataje?

Msimamizi_Depo: 56 ni ya gari la ekseli saba baba. Sheria ya Afrika Mashariki ya 2016, hapa kwetu ilianza kubana 2019, kila ekseli ina kikomo chake. Usukani tani 8, pacha za kuvuta 18, zile tatu za tela 24, jumla 50 na hiyo ni semi ya ekseli sita. Unaweza kuwa na 45 jumla na bado ukawekwa pembeni.

Chalinze_Junction: Sawa ila mizani zenyewe kila moja inasoma lake. Hapa ndo pa kupeleka wanafunzi.

Mti_Mkavu: Hakuna anayegusa penye hela. Kampuni inaokoa mafuta, mwalimu anajiandika konsalta, mtoto anapewa B plasi. Walimu ndo wanaokula hapa.

Mkufunzi_K: Nimesoma kimya lakini hili siliachi. Sijawahi kulipwa hata shilingi kwa grupu la wanafunzi, na kila semesta napiga simu kwa kampuni kuomba tatizo kana kwamba naomba mkopo. Unajua kwanini naomba? Tatizo la kupanga ruti za magari lina historia, Dantzig na Ramser waliliandika 1959 kwa malori ya petroli, na kwenye vitabu data imeshaoshwa, kila duka lina anwani na kila oda ina uzito. Mtoto anatoka chuo hajawahi kukutana na oda iliyoandikwa "kreti kadhaa kwa Mangi". Halafu anagundua Solva ya kawaida ya Excel, ile ya kutafuta jibu bora, mwisho wake vigezo 200 vya kuamua, na vituo 15 tu ukiweka kila njia ya kutoka kimoja kwenda kingine tayari ni 210. Hapo ndo anaanza kufikiri, agawe maeneo, au ahamie OR-Tools, programu ya Google ya kazi hizi ambayo ni ya bure. Hilo darasani silipati. Ukiniambia kampuni ilipe kwanza, kesho hakuna itakayopokea simu yangu.

Mti_Mkavu: Umejibu habari za Excel, hela hujajibu.

Mkufunzi_K: Nimejibu kwenye sentensi zangu za mwanzo, sijawahi kulipwa. Soma tena.

Kipilipili: Mleta mada swali dogo. Hiyo B plasi mmepata wote sita? Na waliokesha na daftari walikuwa wangapi?

Mwaka_wa_Tatu: Sijasema sita, ila ndiyo ni sita. Tulikesha wawili. Mmoja depo hajawahi kufika mpaka leo na siku ya kuprizenti ndo alivaa suti akasimama katikati. Usiniguse hapo dada.

Kipilipili: Sasa unataka kampuni ikulipe wakati wenzako wa grupu wamekula jasho lako na hujawasema kwa mwalimu?

Mwaka_wa_Tatu: Kumsema mtu mnayelala naye hosteli chumba kimoja sio rahisi hivyo. Na hata kama grupu lina wazembe, mpango upo barabarani, unaokoa dizeli kila siku. Wa kwanza kufaidika si mimi. Na kaka wa semi, jina la yule dereva halipo kwenye ripoti, kwenye fomu ya chuo hakuna hata mstari wa kumwandika. Hilo nitalipeleka kwa mwalimu wetu.

Semi_la_Tunduma: Peleka. Ukimaliza muulize na hili. Sisi wa safari ndefu wengi tunalipwa kwa tripu. Kama mpango umetoka chuoni, bosi kausaini, nami nikalala mzani siku mbili kwa ekseli ambayo tandiboi aliisema asubuhi, hela ya kula ya hizo siku mbili anatoa nani? Mwanafunzi hana, mwalimu kasema hana, mama wa depo kasema kampuni ililipa faini. Faini nimesikia. Dereva alikula nini?

Msimamizi_Depo: Nilimtumia kwa simu, hela yangu mwenyewe. Ofisi haina fungu hilo.