Mrejesho: ile Nokia 1100 yangu nimeistaafisha jamani

Wakuu habari za Kigoma huku, kama mnakumbuka niliuliza niiache Nokia 1100 yangu ya tochi nihamie simu janja au nipambane nayo tu, wengi mkasema hama, basi nimehama. Nimechukua Tecno pale Mwanga, dukani wakaniambia laini yangu ni ile kubwa ya zamani haiingii, kijana akataka kuikata nikamwambia tulia kwanza. Nikaenda kwa wakala nikarinyuu, yaani nikapewa kadi mpya ya laini, namba ileile na hela yangu ya kwenye simu ipo salama, ila majina sasa!! Majina yalikuwa kwenye kadi ya zamani na ile mpya imekuja tupu kabisa. Na 1100 haina bluetooth, ni ya 2003 ile, kwa hiyo nimekaa barazani usiku mzima nachungulia kikioo kile nanakili jina mojamoja, "Mama dagaa Kibirizi", "Fundi boti", "Shemeji Ujiji 2" (Shemeji 1 sikumbuki ni nani walahi).

Picha za wajukuu nazipata sasa, hilo sibishi, mama watoto kafurahi kuliko mimi. Ila chaji!! Ile nilikuwa nasahau chaja ilipo, hii jioni tu inalia, na umeme ukikatika nabaki naitazama. Tochi yake nayo mpaka utelezeshe kioo kwanza, vidole vyangu vigumu hivi.

1100 sijaiuza, ipo kabatini, betri nimeitoa. Asanteni sana wote mlionishauri.