Tupeane uzoefu: Bloku ikiumia, uvishe slivu au utafute bloku nyingine?

Mwanzisha mada: Wakuu, klipu ya pini ya pistoni imechomoka silinda ya tatu, ikachora ukuta kuanzia juu mpaka chini. Ukipitisha ukucha unakwama. Injini ni ya petroli, silinda nne, bloku ya chuma. Fundi wa kwanza kasema slivu (bomba la chuma linalovishwa ndani ya silinda liwe ukuta mpya), wa pili kasema tupa bloku. Yaliyowahi kuwakuta tafadhali, maana "tafuta fundi mzuri" nimeshaambiwa vya kutosha.

Spana 17: Pole mkuu, ugonjwa wako niliuugua. Pima kina cha huo mfereji kabla ya yote. Wangu ulikuwa milimita 0.7, na pistoni kubwa kabisa niliyoipata ilikuwa ovasaizi (kubwa kuliko ya awali) ya milimita 1.00. Nikafurahi, nikajua nachonga tu yanaisha. Fundi kereza akanicheka: hiyo 1.00 ni ya kipenyo, kila upande inaondoka nusu milimita tu. Mfereji ungebaki pale pale unanitazama.

Tukavisha slivu silinda moja, zingine tatu zikabaki na saizi yake. Alichonga tundu jembamba kidogo kuliko slivu, tofauti kama milimita 0.05 hivi, chini akaacha kidato ili slivu isije ikateremka injini ikipata moto, ndipo akaishindilia kwa presi. Ambacho sikukitegemea: silinda ya jirani ilibanwa ikapoteza uduara. Bahati alipima zote upya kabla ya kuhoni (kusugua ukuta kwa mawe laini ufike saizi). Mpaka leo hainywi oili.

Dereva wa Usiku: Spana 17 anazungumzia slivu kavu. Sisi wa malori slivu zetu zinaoga maji, unaivuta na kuweka mpya yenye ringi zake za mpira. Kazi rahisi, ndivyo nilivyodhani. Zangu zilikuwa na vishimo upande wa maji kama mbao iliyoliwa na dumuzi, kwa sababu nilikuwa najaza maji matupu bila kulanti (dawa ya maji ya kupoozea injini). Nikanunua seti nzima, nikafunga. Gasketi ya silinda hedi ikaungua. Nikafunga nyingine, nayo ikaungua. Kumbe kiti cha slivu ndani ya bloku kilikuwa kimelika, slivu imezama badala ya kuchomoza kidogo juu ya uso wa bloku. Tukakichonga kiti na kuweka shimu (ringi nyembamba ya kuinulia), ndiyo ikatulia. Kile kiti kingepimwa siku ya kwanza, gasketi mbili zingenusurika (na ndoa yangu isingetikisika).

Mama Gereji: Mimi nilitupa, wala sijuti. Konrodi (mkono unaounga pistoni na krankshafti) ilikatika ikatoboa ubavu wa bloku. Niliambiwa ubavu unachomelewa na silinda inavishwa slivu, na kweli vyote vinawezekana. Shida ilikuwa chini: bearing kubwa ya krankshafti ilikuwa imezunguka ndani ya makao yake, na makao yale hayakuwa tena kwenye mstari mmoja. Slivu haitibu mstari wa krankshafti, kaka.

Ila nikanunua bloku ya mtumba kwa macho, imeoshwa inang'aa. Baada ya kufunga kila kitu, maji yakaanza kupungua bila kuvuja popote. Ufa katikati ya silinda mbili! Nikafungua upya. Siku hizi hata ya bure sifungi mpaka ijazwe presha na kuzamishwa kwenye maji ya moto, kwa sababu kuna nyufa zinazojificha chuma kikiwa baridi.

Kimya Kimya: Wenye bloku za alumini msiige haya kichwa kichwa. Zingine hazina slivu ya chuma kabisa, ukuta una utando mgumu wa nikeli. Ukichonga umeuondoa, na pistoni zake hazikutengenezwa kusugua alumini tupu.

Mwanzisha mada: Nimerudi. Mfereji ni 0.6, kwa hiyo hesabu ya Spana 17 imenikuta na mimi. Bloku imepimwa presha haina ufa, makao ya krankshafti yamenyooka, uso wa juu umepinda chini ya milimita 0.05. Navisha slivu moja, na klipu zote nane natupa, naweka mpya. Mama Gereji, ulipobadilisha bloku, namba ya injini kwenye hati za gari uliifanyaje?

Mama Gereji: Hiyo ilinisumbua kuliko injini yenyewe. Fungua uzi wake.